Mji unaitwa Ziwa la Chumvi, nimekaa miezi minane ndipo nikaliona ziwa lenyewe

#1 Mwana Singidani

Wakuu, salamu zenu.

Mimi ni mtoto wa Singida, naendesha lori Marekani, na makazi yangu yako Salt Lake City, jimbo la Utah. Jina la mji halihitaji mkalimani: Mji wa Ziwa la Chumvi. Nilipopangiwa kuja huku jina hilo lilinipa moyo kwelikweli. Kwetu ziwa halitafutwi. Singidani lile pale, Kindai lile pale, upepo ukigeuka unapata harufu yake ukiwa umekaa kwako.

Ndege ikatua usiku. Asubuhi nikatoka nje kutafuta ziwa. Mashariki milima imesimama na theluji yake. Magharibi nyumba, maghala, reli. Ziwa hakuna. Nikamuuliza jirani yangu, mzee wa Uvira aliyetangulia kufika (Waswahili huku tupo, wengi ni ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliokuja kama wakimbizi). Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mimi nina miaka sita hapa. Lile ziwa nimeliona mara mbili, na zote mbili nilikuwa napita."

Nami nililiona nikipita. Nilikuwa na mzigo wa Nevada, nimeshika barabara kuu ya I-80 kuelekea magharibi. Baada ya kilomita kama 25 nikaona upande wa kulia weupe mpana usio na mwisho. Nikasema theluji hiyo. Halafu nikakumbuka tuko Agosti na nimewasha kiyoyozi.

Jumapili yake nikarudi na gari dogo. Kutoka pale nilipoegesha mpaka maji yalipo nilitembea muda mrefu juu ya udongo mkavu uliopasukapasuka, juu yake umepakwa chumvi kama sinia lililosahaulika na unga. Ukikanyaga, panalia kwachu kama kaukau. Ukikanyaga palipo laini, kiatu kinabaki na wewe unaendelea na soksi, yamenikuta. Ukingoni mwa maji kuna utandu mweusi. Nikadhani ni matope, nikaukaribia, ukanyanyuka wote. Nzi! Mamilioni. Lakini hawakugusi, wanafunguka mbele ya mguu na kujifunga nyuma yako. Harufu ni ya yai viza. Nikachovya kidole nikaonja. Wakuu, maji ya Coco Beach ni juisi. Bahari ina chumvi kama asilimia 3.5. Upande huu wa kusini wa ziwa, kutegemea mwaka na kina cha maji, inapanda kutoka 9 mpaka kukaribia 19.

Sasa kilichonifanya nifungue uzi. Nilitaka kujua kwa nini mji ubebe jina la ziwa ambalo wenyeji wake hawaliangalii. Nikasoma, nikauliza wazee, nikapita pita huko kwa miaka mitatu. Jibu langu ni hili: hawakulifuata ziwa tangu mwanzo.

Walowezi wa dhehebu la Kimormoni, wakiongozwa na Brigham Young, waliingia bonde hili Julai 1847. Tarehe 24 ndiyo aliyofika yeye, na mpaka leo ni sikukuu ya jimbo. Wakati huo hapa ni ardhi ya Mexico, na wenyewe wa kale ni Washoshone, Waute na Wagoshute. Sikiliza hili: kundi lililotangulia lilifika siku mbili kabla yake, likakuta ardhi ngumu majembe yanavunjika. Walifanya nini? Wakaziba kijito kinachoshuka mlimani, wakayageuzia maji shambani ili udongo ulainike, wakapanda viazi. Kiongozi hajafika, mji hauna jina, lakini maji ya ziwa yameshaanza kukingwa njiani.

Maana ziwa hili halina chanzo kingine cha kulitosha. Linaletewa maji na mito mitatu, Bear, Weber na Jordan, na halina pa kuyatolea. Huo Jordan wa tatu unatoka kwenye ziwa la maji baridi na kuishia kwenye ziwa la chumvi, kama ule wa kwenye Biblia, ndiyo maana watu wa dini wakaupa jina hilo. Basi kila aliye juu ya mto anajipakulia kwanza. Mashamba, mji, viwanda, bustani za nyasi mbele ya nyumba. Ziwa linakula mwisho. Linapewa makombo, na sinia likirudi tupu, ndiyo zamu yake hiyo.

Mji mwanzoni uliitwa Great Salt Lake City. Mwaka 1868 wakaondoa neno la "kuu", ukabaki Salt Lake City. Watani wangu kazini wanasema ziwa nalo lilisikia.

Nitaendelea, ngoja nishushe mzigo.

#2 Kiburu cha Moto

Nimeweka kigoda hapa. Hiyo ya soksi umeniua mkuu. Swali: chumvi yote hiyo ilitoka wapi kama mito yenyewe ina maji baridi?

#3 Mwalimu wa Maabara

Kiburu, nikusaidie wakati mwenye uzi yuko njiani. Hakuna mto wenye maji matupu. Mto unapita kwenye mawe, unalamba chembe za madini kidogokidogo, ulimi wako hauzioni. Ziwa kama Victoria linapokea na linatoa kwa Nile, kwa hiyo hizo chembe zinaendelea na safari mpaka baharini. Ziwa lisilo na mlango wa kutokea, maji yanaondoka kwa njia moja tu, jua. Na jua halibebi chumvi. Fanya hivyo miaka maelfu kadhaa, una sufuria iliyosahaulika jikoni.

Hilo la Utah ni mabaki. Zamani za barafu palikuwa na ziwa Bonneville, lenye kilomita za mraba kama 51,000 na kina cha zaidi ya mita 300. Yaani ukubwa wa kukaribia nchi mbili za Rwanda. Lilivunja ukingo wake upande wa kaskazini, likamwaga maji mengi kwa kishindo, kisha hali ya hewa ikakauka. Lililobaki ndilo hilo analotembea mwenzetu bila kiatu. Kule Wendover sakafu yake ni ngumu na tambarare mpaka watu wanaendea kushindania mwendo wa magari. Dereva Mwingereza Malcolm Campbell alipita kilomita 480 kwa saa pale mwaka 1935.

Na tusichanganye chumvi na magadi. Utah ni chumvi ile ya mezani kwa sehemu kubwa. Maziwa yetu ya Bonde la Ufa, Natron, Magadi, Nakuru, Bogoria, ni ya magadi, kwa sababu mawe yetu ni ya volkano na yanatoa soda. Wewe mpika kiburu unayajua, ni yaleyale ya kulainishia maharage.

#4 Kiburu cha Moto

Mwalimu umeingia mpaka jikoni kwangu. Bibi yangu alikuwa na jiwe la magadi kwenye kopo la mafuta ya kupikia, analigonga na mwiko. Ukizidisha, maharage yanakuwa na ladha ya sabuni na baba haongei mezani.

#5 Mama Njoro

Jamani hamjambo. Mimi niko Nakuru, na huu uzi unanichoma mahali.

Ndugu wa Singida analia ziwa limekimbia mji. Sisi letu limetufuata nyumbani. Mji wetu na ziwa letu jina ni moja, na wanaojua Kimaasai wanatuambia maana yake ni mahali pa vumbi. Mtu akisikia hivyo leo anafikiri ni mzaha. Lakini miaka ya tisini ziwa lilikauka karibu lote, na upepo wa alasiri ukija, ule unga mweupe wa magadi unaingia mpaka kwenye kabati la vyombo. Nilikuwa msichana, nilikuwa nafuta meza ile ile mara tatu kwa siku.

Kisha kuanzia kama 2010 maji yakaanza kupanda, na hayakuuliza mtu. Ziwa lililokuwa na kilomita za mraba kama 40 likavuka 60. Lango la mbuga likamezwa, ofisi zikahamishwa, barabara za kutazamia wanyama zikawa chini ya maji. Mwaka 2020 likaruka ua wa mbuga likaingia mitaani, huko Mwariki na Barut. Shangazi yangu alikuwa na ploti huko, amejenga vyumba vinne vya kupangisha. Siku moja alinipigia simu, sauti imekauka: "Njoo uone kiboko amelala kwa mlango wa mpangaji." Nikaenda. Maji yalikuwa yamefika kwenye dirisha, mti wa parachichi umesimama mweupe umekufa, na choo cha nje kinaonekana paa tu. Kiboko hatukumwona, lakini alama za miguu zilikuwako.

Na flamingo waliotuletea jina duniani waliondoka. Ndege huyo mdogo wa waridi anakula mwani unaopenda maji makali ya magadi. Maji baridi ya mvua yakimiminika, magadi yanachujuka, mwani unapungua, naye anahamia Bogoria. Kwa hiyo tulipopewa hadhi ya jiji mwaka 2021, la nne Kenya, nembo zetu zilikuwa na ndege aliyetukimbia.

#6 Mwana Singidani

Nimeshusha mzigo. Mama Njoro, pole sana kwa shangazi. Sikujua yalifika dirishani.

Na usifikiri huku hayajawahi kutokea. Mwaka 1983 theluji iliyeyuka kwa mkupuo, State Street, barabara ya katikati ya mji, ikageuzwa mto, kingo zake mifuko ya mchanga. Watu wakavuka kwa madaraja ya mbao. Ziwa likapanda mpaka mwaka 1986 na 1987 likafika kilele, likiwa na kilomita za mraba kama 8,500. Reli na barabara kuu zikawa hatarini. Serikali ya jimbo ikajenga mashine kubwa za kuvuta maji na kuyatupa jangwani magharibi, kwa gharama ya dola milioni 60 hivi. Zimeanza kazi 1987. Baada ya miaka miwili mvua zikapungua, zikazimwa. Mashine hizo bado zipo, zinasubiri ziwa lijae.

Novemba 2022 likashuka kuliko wakati wowote tangu waanze kupima. Kutoka kilele kile hadi hapo ni tofauti ya mita 7. Kwa Tanganyika mita 7 ni sawa na kutema mate. Ziwa hili kwa kawaida penye kina kirefu kabisa ni kama mita 10, na wastani wake ni kama mita 4 au 5 tu. Mashua za pale bandarini zilinyanyuliwa kwa winchi zikawekwa nchi kavu kabla hazijakaa kwenye matope.

#7 Jicho la Tatu

Mkuu, hapo mabadiliko ya tabianchi ndiyo mchawi, tusiwasingizie wakulima. Kila jambo siku hizi mnamtupia mkulima.

#8 Mwana Singidani

Jicho la Tatu, joto limo, sikatai. Lakini nikupeleke shambani. Maji mengi yanayokingwa kwenye hiyo mito yanakwenda kwenye kilimo, na sehemu kubwa ya kilimo hicho ni nyasi za ng'ombe, alfalfa, ile wafugaji wetu wanaita lusini. Nimeyabeba mimi hayo marobota. Unapita Julai, jua la kuchoma, pembeni nyasi kijani kibichi na maji yanarushwa hewani kama mvua ya kukodi.

Na mkulima mwenyewe amefungwa na sheria. Haki ya maji huku ni ya aliyetangulia kuyatumia, na usipoyatumia unaweza kuipoteza. Kwa hiyo hata mwenye huruma na ziwa alikuwa anamwagilia tu, asije akanyang'anywa. Ilikuwa mpaka 2022 ndipo wakarekebisha kwa namna ambayo mtu anaweza kuyaacha maji yashuke ziwani bila haki yake kufa. Mwaka 2023 theluji ikaanguka nyingi ajabu, ziwa likapanda zaidi ya mita moja na nusu, watu wakapiga picha. Kisha likaanza tena kushuka.

Ubaya wa ziwa kukauka si kukosa pa kuogelea. Sakafu yake imekusanya kila kitu kilichoshuka kutoka milimani na migodini, pamoja na aseniki, ambayo ni sumu. Upepo ukija, hilo vumbi linakuja mjini. Mama Njoro ameshaeleza kufuta meza. California walishaliona: mji wa Los Angeles ulijenga mfereji ukafunguliwa 1913, ukachota mto uliokuwa unalisha ziwa Owens. Ziwa likafa, vumbi likaanza, na mpaka sasa wametumia zaidi ya dola bilioni 2 kuifunika na kuilowesha sakafu yake ili vumbi lisiruke. Yaani wanarudisha maji kwa kijiko.

#9 Kiburu cha Moto

Na samaki je? Maana mimi nasubiri kusikia habari ya mboga.

#10 Mwana Singidani

Samaki hawawezi. Kuna uduvi, wa aina yake, mdogo kama kipande cha kucha uliyokata. Usiucheke. Mayai yake yanakauka kama mchanga, yanaweza kukaa miaka, ukiyatia maji ya chumvi yanaanguliwa. Kila msimu mashua zinatoka kuyakusanya, ndege ndogo zinazunguka juu kuonyesha utando mwekundu uko wapi, na yanauzwa kwa wafugaji wa kamba na samaki, hasa Asia. Kwa hiyo ukila kamba wa kufugwa huenda utotoni alikula chakula cha Utah.

Uduvi na wale nzi ndio chakula cha ndege kama milioni 10 wanaopita hapa kila mwaka. Mwari weupe walikuwa na kisiwa chao cha kutagia upande wa kaskazini, Gunnison. Maji yaliposhuka kisiwa kikaungana na nchi kavu, mbweha wa huku wakatembea kwa miguu mpaka kwenye viota. Mwaka 2023 mwari wakakiacha.

Jambo la ajabu zaidi ni reli. Mwaka 1904 walipitisha reli katikati ya ziwa juu ya nguzo za mbao. Mwaka 1959 wakaiweka juu ya tuta la mawe. Tuta likakata ziwa vipande viwili. Mito yote inaingia kusini, kaskazini hakupati kitu, kwa hiyo kule chumvi imefika asilimia kama 27, hapo imeshiba, inaanza kuganda chini. Uduvi wenyewe unashindwa. Wanaoishi ni vijidudu vyekundu tu. Ukiruka kwa ndege unaona mstari kama umepigwa na rula: huku samawati, huku waridi ya juisi ya ukwaju iliyotiwa rangi.

#11 Msafirishaji wa Kasese

Nimepita kimyakimya ila hapa lazima niseme. Sisi Uganda tuna Katwe, na mji wake ni Katwe-Kabatoro. Huko hakuna mtu anayeuliza ziwa liko wapi, kwa kuwa nusu ya watu wa mji wamo ndani ya ziwa, maji kiunoni. Familia zina vidimbwi vyao vya kukaushia, vimezungushiwa udongo na miti, vinarithiwa. Wanaume wanakata mawe ya chumvi kutoka sakafuni, wanayapakia kwenye vyelezo. Ukiwa na kidonda usiingie, na asiye na kidonda anatoka nacho. Chumvi hiyo inavuka mpaka Kongo. Kulikuwa na kiwanda kikubwa kikajengwa, mabomba yakaliwa na chumvi yenyewe, kikasimama. Majengo yapo yanatazama ziwa. Watu wakarudi kwenye vidimbwi vya babu zao.

#12 Jicho la Tatu

Sawa, nimekubali la lusini. Lakini Wamarekani hawa wanaenda mwezini. Washindwe kuvuta bomba kutoka Bahari ya Pasifiki wakajaza ziwa? Maji ya chumvi, ziwa la chumvi.

#13 Mwana Singidani

Mkuu, hilo wazo limetolewa huku kwa uzito kabisa, hata na wanasiasa. Sasa mimi ile njia naiendesha. Kutoka hapa mpaka Oakland ni zaidi ya kilomita 1,100. Ziwa liko mita 1,280 hivi juu ya bahari, kwa hiyo maji utayapandisha. Katikati kuna milima ya Sierra Nevada, barabara inapita Donner kwenye mita 2,200. Nikiwa na tani 20 napanda pale kwa gia ya chini, taa za tahadhari zinawaka, injini inalia kama inaomba msamaha. Hayo ni tani 20. Wewe unataka kupandisha ziwa.

#14 Mwalimu wa Maabara

Na ungeleta chumvi zaidi kila siku, juu ya iliyopo. Urmia kule Iran, mji na ziwa jina moja pia, nao walizuia mito kwa mabwawa na kupitisha tuta la barabara katikati. Ziwa la kilomita za mraba kama 5,000 likafika kubaki kama sehemu ya kumi. Na lenyewe lilikuwa na uduvi wake na flamingo wake. Mama Njoro, huko kwenu serikali ilisema ziwa limepanda kwa nini?

#15 Mama Njoro

Ripoti ya serikali ilitoka 2021. Mvua kuongezeka ndiyo sababu kubwa, halafu msitu wa Mau umekatwa miti, udongo unashuka na mito, Njoro, Makalia, Nderit, unajaza sakafu. Kwa hiyo na sisi ni wa juu ya mto ndio wametuletea. Shangazi mpaka leo ana hati ya ploti. Anaitunza kwenye pochi ya plastiki. Ameambiwa akae mbali na mstari wa maji, lakini mstari wenyewe uko juu ya jiko lake.

#16 Kiburu cha Moto

Mwana Singidani, kabla hujalala. Kwenu ni mji uliochukua jina la ziwa au ziwa lililochukua jina la mji?

#17 Mwana Singidani

Singidani si ni "hapo Singida" tu? Ziwa letu halina jina la ukubwa wala la chumvi, limeitwa kama unavyomwelekeza mgeni.

Nalala wakuu. Alfajiri napakia kule kwenye vilima vyeupe vya I-80, chumvi ya ziwa tani 20, inakwenda Wyoming kumwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Karatasi ya mzigo imeandika "isiyofaa kuliwa".

#18 Kiburu cha Moto

Nifungie kijiko kimoja hivyohivyo.